Mabua ni ya Ng'ombe au ya Shamba? Kulima Mahindi na Mtama Huku Ukijenga Udongo, Magharibi mwa Kenya

Ukipita barabara ya Luanda kwenda Yala mwezi wa Februari utaona mashamba yamekwanguliwa yakabaki mekundu tupu. Mabua yalienda kwa ng'ombe, yaliyosalia yakachomwa ili shamba lionekane safi, na sasa udongo unangoja masika bila hata jani la kuufunika. Mvua ya kwetu haiji kwa upole. Matone ya kwanza yanapiga udongo mtupu, vitundu vyake vinazibika, na maji badala ya kuingia yanateremka. Ndiyo maana mito ya Nyando na Nzoia ikimwaga maji Ziwa Victoria mwezi wa Aprili huwa na rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni rutuba ya mtu. Asiyeamini aende Nyakach akalione korongo la Katuk Odeyo.

Mafunzo mengi ya kilimo cha kujenga udongo yanasisitiza mambo matatu: usiugeuze udongo, usiuache wazi, usipande zao lilelile kila msimu. Yote ni kweli. Lakini ukimwambia hivyo mtu wa Vihiga mwenye ekari moja na ng'ombe wawili, umeruka swali gumu. Mabua yakibaki shambani, ng'ombe atakula nini Januari? Kwa maoni yangu hapo ndipo wengi wanapokata tamaa baada ya msimu mmoja, na si kwa uvivu. Kwa hiyo mwongozo huu unashughulikia lishe ya mifugo kabla ya kufika kwenye matandazo, yaani mabua na majani yanayoachwa kuufunika udongo, na unakushauri uanze na robo ekari tu. Sehemu iliyobaki endelea kuilima ulivyozoea, ule.

Hatua ya 1: Chimba shimo uone

Kabla ya kununua chochote, chukua jembe uchimbe shimo la kina cha sentimita 40 katikati ya shamba, na lingine chini ya mti au kando ya ua ambapo hapajalimwa miaka mingi. Yalinganishe.

Tazama rangi kwanza. Udongo wa kando ya ua mara nyingi ni mweusi zaidi. Weusi huo ni mabaki ya mimea yaliyooza. Halafu chomeka panga kwenye ukuta wa shimo la shambani, kuanzia juu kwenda chini. Mahali palipolimwa kwa plau ya ng'ombe au jembe kwa kina kilekile mwaka baada ya mwaka, panga litaingia vizuri kisha kwenye sentimita 15 au 20 ligome. Hilo ni tabaka gumu. Ng'oa bua la msimu uliopita lililo karibu: kama mizizi imeshuka kidogo kisha ikapinda kwenda kando, ujue mahindi yako yamekuwa yakinywa maji ya juu peke yake. Jua likiwaka wiki mbili yananyauka, ilhali chini kuna unyevu yasioweza kuufikia.

Mwisho chukua bonge la udongo mkavu, ukubwa wa yai, kutoka kila shimo, uliweke taratibu ndani ya glasi ya maji. Bonge la kando ya ua hukaa. La shambani mara nyingi linamomonyoka kabla hujahesabu mia na maji yanakuwa matope. Vilevile ndivyo shamba lako linavyofanya mvua ikinyesha.

Hatua ya 2: Pima asidi, weka chokaa kama inahitajika

Sehemu kubwa ya Kakamega, Vihiga, Siaya, Trans Nzoia na Uasin Gishu ina udongo wenye asidi, na miaka mingi ya kutumia mbolea ya DAP bila chokaa imeiongeza. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, fosforasi unayoinunua kwa bei kali inashikwa na udongo na mmea hauipati. Ukiona majani ya mahindi machanga yana zambarau pembeni ingawa uliweka mbolea, shuku asidi.

Usikisie. Chukua udongo sehemu kama kumi za shamba, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi (ndoo ya mbolea itakudanganya), utoe kama nusu kilo uipeleke maabara. KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, wanapima, na afisa wa kilimo wa wadi atakuelekeza mahali pa karibu. Kiasi kinachopendekezwa mara nyingi ni tani 2 za chokaa ya kilimo kwa hekta, yaani mifuko minne ya kilo 50 kwa robo ekari, lakini matokeo yako ndiyo yaamue. Chokaa inachimbwa hapahapa Koru, Kaunti ya Kisumu. Imwage sawasawa na kuichanganya na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, na usiiweke shimo moja na mbolea. Ukishaiweka, kazi yake hudumu misimu kadhaa.

Walio kwenye udongo mweusi wa nyanda za Kano, mambo yenu ni mengine. Huko shida ni maji kutuama, na chokaa si ya kukimbilia. Pandeni mtama juu ya matuta, na msiingize ng'ombe wala trekta shambani udongo ukiwa umelowa.

Hatua ya 3: Tengeneza lishe kabla ya kuyaacha mabua

Hapa ndipo mfumo wa vuta-sukuma unapofaa, na ndiyo sababu naupendekeza kuliko njia nyingine kwa mwenye shamba dogo na mifugo. Ulibuniwa na watafiti wa Icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, kwenye kituo chao cha Mbita, wakishirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Rothamsted, Uingereza, katika miaka ya 1990. Kati ya mistari ya mahindi au mtama unapanda desmodiamu, jamii ya kunde inayotambaa. Kuzunguka shamba unapanda nyasi: matete au brakiaria.

Harufu ya desmodiamu inawafukuza nondo wanaotaga mayai ya funza wa mabua, na nyasi za pembeni zinawavuta. Viwavijeshi vamizi, walioonekana Kenya mwaka 2017, nao hupungua kwenye mashamba ya aina hii, ingawa hawaishi kabisa. Juu ya hayo kuna kayongo, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mahindi kupitia mizizi. Mmea mmoja wa kayongo hutoa mbegu makumi ya maelfu, na mbegu hizo zinaweza kulala ardhini hadi miaka 20 zikingoja mzizi wa nafaka. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu hizo kisha zikashindwa kujishikiza kwenye mahindi, zikafa. Palizi haikupi hilo, kwa sababu kayongo ikishachomoza juu ya ardhi imekwishakula wiki kadhaa chini.

Na kila baada ya wiki chache unakata majani mabichi ya ng'ombe kutoka shamba lilelile. Bua likibaki chini, maziwa hayapungui.

Vipimo ni hivi. Nyasi za pembeni ziwe mistari mitatu kuzunguka shamba lote. Kwa brakiaria acha sentimita 50 kati ya mstari na mstari na 50 kati ya shina na shina. Kama eneo lenu lina ugonjwa wa kudumaa kwa matete, na magharibi umeenea, chagua brakiaria, ambayo pia huvumilia ukame vizuri zaidi. Ruka mita moja, kisha anza mistari ya mahindi, sentimita 75 kati ya mmoja na mwingine. Desmodiamu ipite katikati ya kila mistari miwili ya mahindi. Aina ya jani la kijani huvumilia jua kuliko ya jani la fedha, kwa hiyo kwa Siaya ya chini, Bondo na Nyakach ndiyo ya kununua.

Mbegu ya desmodiamu ni ndogo sana na ni ghali. Robo ekari inataka kama gramu 250. Ichanganye na mchanga laini mkavu, kipimo kimoja cha mbegu kwa viwili vya mchanga, ili mkono wako usimwage yote mwanzoni mwa mstari. Chora mfereji kwa ncha ya kijiti, kina cha sentimita moja au mbili, nyunyiza, funika kwa udongo kidogo sana. Ukiizika kama mahindi haitatoka. Ipandwe siku ileile na mahindi, mvua ikishashika.

"Na maharage nitapanda wapi?" ni swali la kwanza la akina mama, na ni la haki, kwa sababu desmodiamu hailiwi na watu. Yapande kwenye mstari wa mahindi, katikati ya shina na shina au shimo moja na mahindi.

Usiye na mifugo, au usiyepata mbegu ya desmodiamu, tumia mpango wa MBILI uliofanyiwa majaribio Bungoma: mistari miwili ya mahindi iliyokaribiana, sentimita 50, kisha nafasi ya mita moja ambamo unaweka mistari miwili ya njugu, soya au maharage kwa sentimita 33. Idadi ya mahindi haipungui, ila mwanga unafika chini. Soya na njugu nazo huamsha mbegu za kayongo bila kuzilisha, ingawa si kwa nguvu ya desmodiamu.

Hatua ya 4: Vunja tabaka gumu mara moja, kisha acha kugeuza udongo

Kama shimo lako la kwanza lilionyesha tabaka gumu, kulima bila kugeuza udongo juu yake ni kupoteza msimu. Kalivunje kwanza, udongo ukiwa mkavu, Januari au Februari, maana hapo tabaka linapasuka. Likiwa bichi linakatika tu na kujifunga tena. Kwa jembe la ng'ombe, funga ripa badala ya plau: chuma chembamba kinachochana mstari mmoja wa kina bila kupindua ardhi. Chana mistari ya sentimita 75, mahali mahindi yatakapokaa, basi. Bila ng'ombe, tumia foku jembe kwenye mistari hiyo tu.

Wakati huohuo malizana na sangari, ile nyasi ya lumbugu. Ukianza kilimo hiki na lumbugu ardhini, katika msimu wa pili huna shamba. Ichimbe kwa foku, ukung'ute mizizi yote nyeupe, uianike juani juu ya kichuguu au mawe hadi ikauke kabisa. Usiikate kwa jembe, kila kipande kinaota upya.

Shamba likiwa na mteremko, mistari ikate mteremko. Fito tatu zikifungwa kama herufi A, na jiwe likaning'inizwa kwa kamba kutoka kileleni, zinatosha kutafuta usawa: jiwe likituama katikati, miguu yote miwili iko kimo kimoja. Mteremko ukiwa mkali, chimba mtaro wa fanya juu, yaani udongo uutupe upande wa juu, na tuta lake upande nyasi.

Hatua ya 5: Kupanda

Robo ekari kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kwa shimo, ina mashimo kama 2,700. Ukiweka viganja viwili vya samadi kila shimo utahitaji takriban nusu tani, toroli kumi hivi. Ndiyo sababu nasema robo ekari: samadi ya ng'ombe wawili inatosha kulisha mashimo hayo, lakini ukiimwaga kwenye ekari nzima haionekani ilipoenda. Samadi iwe imekaa kivulini imefunikwa miezi mitatu hivi. Ile iliyolala juani na kunyeshewa imebaki nyasi.

Sikubaliani na wanaosema mbolea ya dukani ipigwe marufuku kabisa. Udongo uliochoka hauna cha kuanzia, na mazao yanayodumaa hayatoi mabua ya kuufunika. Kizibo kimoja cha soda, kama gramu 5, kwa kila shimo ni kilo 13 au 14 kwa robo ekari. Changanya na udongo kidogo kabla ya kuweka mbegu, isije ikaiunguza. Palipo na asidi, chagua NPK badala ya DAP.

Kuna pia tithonia, ule mmea wa maua ya manjano ulio kwenye ua na kando ya barabara nyingi za Luo Nyanza na Uluhyani, mchungu hata mbuzi wanauruka. Majani yake yaliyokauka yana naitrojeni karibu asilimia 3.5, zaidi ya samadi nyingi za kwetu. Kata matawi laini, yakatekate, yafukie kwenye mashimo wiki moja kabla ya kupanda. Mzigo wake ni mzito kwa sababu ni maji matupu, kwa hiyo tumia iliyo karibu na shamba. Kuisomba kutoka mbali ni kazi isiyolipa.

Mtama wa aina ya Seredo upandwe sentimita 75 kwa 20, upunguzwe wiki ya pili au ya tatu, udongo ukiwa na unyevu. Faida yake moja kubwa kwa udongo haisemwi vya kutosha: ukivuna masika na kukata shina karibu na ardhi, huchipua na kukupa mavuno ya vuli, na mizizi haikufa hata siku moja. Ila tahadhari. Machipukizi machanga ya mtama, hasa baada ya kiangazi, yana sumu ya sianidi inayoweza kumwangusha ng'ombe mara moja. Usimruhusu kuyagusa mpaka yapite zaidi ya nusu mita.

Hatua ya 6: Palizi

Msimu wa kwanza utapalilia kuliko kawaida. Sema hivyo kwa familia mapema. Desmodiamu inaota polepole, na katika wiki sita za kwanza gugu lolote linaishinda. Palilia wiki ya tatu na tena ya tano, kwa mkono ukikaribia mistari yake, kwa sababu ikiwa changa mtu wa kibarua ataing'oa akidhani ni gugu. Kwa hiyo mwonyeshe kwanza, mkiwa mmeinama wote wawili: majani matatu kwenye kikonyo kimoja, yenye manyoya laini yanayonata kidogo kidoleni.

Tumia jembe kukwangua juu, usichimbe. Kayongo yoyote utakayoiona ing'oe kabla haijatoa mbegu, uichome. Mahindi yakifika magotini weka CAN, mbolea ya kukuzia, ukipenda nusu ya kiasi ulichozoea, na uitazame rangi ya majani. Mahali penye mabua mengi ya mwaka jana mahindi yanaweza kuwa ya manjano mapema, kwa kuwa viumbe wanaoozesha mabua wanagombania naitrojeni ileile. Hapo usicheleweshe CAN.

Hatua ya 7: Baada ya kuvuna

Vuna mahindi, kisha yakate mabua na kuyalaza chini kati ya mistari, kukatiza mteremko. Usiyachome na usiyarundike. Lengo la chini ni theluthi ya ardhi ifunikwe; ipime kwa macho ukisimama wima. Mchwa watakuja. Wengi huogopa hapo, lakini mchwa mwenye bua kavu la kula huliacha hindi bichi, na vishimo vyake vinaingiza maji ardhini. Wakati wa kumhofia ni ule ambao hakuna kitu kingine cha kula ila mmea wako.

Adui mkubwa wa matandazo ana miguu minne. Vijiji vingi huku, mavuno yakiisha, ng'ombe wa kila mtu hupita kila shamba, na hakuna anayeona ni kosa. Ukijenga ua bila kuzungumza utaonekana una maringo. Nenda kwa jirani kabla ya mavuno, umwambie, "Shemeji, mwaka huu naomba hapa pasichungwe, ila ukitaka majani njoo nikukatie." Nyasi za pembeni zikikomaa utakuwa na cha kumpa. Hata ng'ombe wako mwenyewe asiingie: kata umpelekee, kwa sababu kwato zitarudisha lile tabaka ulilolivunja na meno yatang'oa desmodiamu.

Mkulima wa Nakuru, hasa Njoro, Rongai na Mau Narok, ana msimu mmoja mrefu, trekta, na ngano. Kwake kinachogandamiza udongo ni magurudumu, na kinachoondoa matandazo ni mashine ya kufunga majani inayopita nyuma ya kombaini, kwa sababu majani ya ngano yana soko. Ningeuza nusu na kuacha nusu. Ripa ya trekta ipite shamba likiwa kavu, na ngano isirudiwe miaka mitatu mfululizo palepale. Maharage, njegere au viazi viingie katikati.

Hatua ya 8: Msimu wa pili na kuendelea

Mvua ikikaribia, kata desmodiamu iliyofunga katikati ya mistari, ukiacha kimo cha vidole vitatu juu ya ardhi, ulishe. Usiilime. Fungua mashimo mapya kwenye mistari ya mahindi peke yake, ukisogeza matandazo kwa mguu na kuyarudisha. Wiki ya tatu na ya sita punguza matawi yanayopanda juu ya mahindi, maana ikiachwa inaweza kuyafunika machanga.

Chimba tena lile shimo la Hatua ya 1, sentimita chache pembeni, na urudie glasi ya maji. Usitarajie miujiza ya mwaka mmoja. Dalili za mapema ni nyungunyungu chini ya mabua, na dimbwi la baada ya mvua kukauka upande huu wakati lile la shamba la plau bado limesimama.

Ukitaka kupanua hadi robo ekari ya pili, huhitaji kununua mbegu. Mwezi wa Aprili au Septemba, ardhi ikiwa na maji, kata mashina ya desmodiamu yaliyokomaa, yale ya rangi ya kahawia kidogo, kila kipande kiwe na vifundo visivyopungua vitatu. Zika viwili, kimoja kibaki juu. Kanyaga udongo taratibu kuzunguka, na ufanye kazi hiyo jioni.